Kiwimbi Juu ya N

Mvua ya Quellón haipigi hodi.
Imeingia posta kwa kupitia paa,
inadondokea ndoo mbili, ya bati na ya mbao,
na Bwana Barría ananiambia: hiyo usiisikilize,
haina habari. Sikiliza hii.

Anabonyeza kitufe cha shaba.
Taa, taa, ti, taa, taa.

Herufi moja tu, nilimwomba. Nyingine zitangoja zamu:
E, nukta tupu, ndogo kama chawa,
T, mstari mmoja, uvivu mtupu.
Nataka kwanza hii isiyokuwemo
kwenye orodha ya Waingereza pale ukutani,
orodha inayokomea Z na kujiona imemaliza.
Ñ. N yenye kiwimbi kichwani.
Mdomoni ni nya: nya ya nyama, nya ya nyota,
nya ya kunyamaza.

Mama yangu ni Ñanco. Kwa lugha ya bibi zake
ni kipanga, yule mwenye kifua cheupe.
Lakini Machi ya mwaka juzi baba alituma pesa
kutoka Punta Arenas, pesa za kukata manyoya ya kondoo,
na telegramu ikafika kwa Rosenda Nanco.
Karani akatazama karatasi, akatazama kitambulisho,
akasema: mama, huyu si wewe.
Mama hakubisha. Alikifunga kitambulisho kwenye leso,
tukarudi Yaldad kwa miguu.
Siku hiyo tulikula viazi kwa chumvi.
Kesho yake, viazi.

Mtu wa kule alikuwa na haraka. Alibonyeza
taa, ti, akaenda zake.
Milio mitatu aliyoidhulumu
ilikuwa unga wetu wa mwezi mzima.

Basi najifunza. Najifunza vibaya.
Nikisita baada ya ile ti, inanivunjikia mkononi:
G, halafu M.
Nikisita kabla yake: M, halafu W.
"Umetuma sahani iliyopasuka," asema Bwana Barría
bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.
Nagonga kwa kijiko ukingoni mwa sufuria.
Nagonga kwa ukucha kanisani, katikati ya sala,
mpaka shangazi Clorinda ananifinya paja.
Usiku naisaka usingizini, nakuta X
imelala mahali pake.

Sikio halikunisaidia. Miguu ndiyo iliyonisaidia.
Pale kiwanda cha mbao kuna njia ya ubao juu ya tope,
na katikati ubao mmoja umeoza, umeondoka.
Hatua ndefu, hatua ndefu,
ruka,
hatua ndefu, hatua ndefu.
Nilisimama ng'ambo, viatu vimejaa maji,
nikageuka nikarudi.
Ileile. Kwenda ni ileile, kurudi ni ileile.
Nilivuka mara ishirini. Mlinzi akadhani nimerogwa.

Bwana Barría alisikiliza, akaweka kikombe chini.
"Hiyo haikupasuka."
Hakuongeza neno; sifa kwake hupimwa kwa gramu.

Agosti, mama alikuja na sarafu zake kwenye leso ileile:
VIAZI VIMEOTA. USITUME PESA KWA N.
Maneno yote alituma Bwana Barría.
Penye jina akasogeza kiti.

Nikavuka.

Kutoka Punta Arenas wakarudia ili kuhakikisha: Nanco.
Nikatuma tena. Wakarudia: G, M, anco.
Mama alikuwa amesimama nyuma ya kaunta,
hajui nukta wala mstari,
lakini aliona bega langu likikaza.
Nikatuma mara ya tatu, polepole,
kama mtu anayemshika mtoto mkono juu ya tope.

Kimya. Ndoo ya bati. Ndoo ya mbao.
Kisha, kutoka kusini kabisa, mkono usionijua:
taa, taa,

nikangoja nione kama ataruka.